Fundi wa Mtandao wa Chuo

Fundi wa mtandao wa chuo hamtazami mtu usoni. Hutazama kompyuta kwanza. Akiona inaendeshwa na Linux badala ya Windows, huisogeza kwa ncha ya kalamu, kama sahani iliyoingiwa na nzi, na kusema kwa sauti ya usingizi, "Hiyo haiungiki hapa, dada. Kaweke Windows." Nilimwendea wiki nzima na Linux yangu, na sasa mtihani wetu wa mtandaoni ulikuwa kesho yake. "Kaka, niambie tu faili la cheti cha usalama cha kuungia mtandao liko wapi, nitaliweka mwenyewe." Akapiga mwayo. Mara akaingia mkuu wa kitivo, na kompyuta yake nayo ni Linux. Fundi akasimama wima, akamfutia kiti kwa kiganja, na vidole vile vizito vikaanza kukimbia juu ya vitufe. Cheti, jina, nywila. Sijafumba mdomo, mtandao umeshika. Mkuu alipotoka, nikaweka kompyuta yangu mezani. "Kumbe inaungika!" Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Dada yangu, yule ni mkuu wa kitivo." Sikubanduka. Nyuma yangu foleni nzima ya wanafunzi waliosikia hayo ikaanza kupiga kelele: "Muunganishie!"