Mama Swichi na Mashine Zilizongojeana

Jina la Mama Swichi alipewa na mumewe, kwa utani tu. Kila alfajiri, kabla hajapiga mswaki, alikaa ukingoni mwa kitanda na kompyuta mapajani, akahangaika na mashine ambazo hajawahi kuziona kwa macho. Mume akigeuka upande wa pili humkuta na gauni la kulalia, nywele zimesimama, mwanga wa kioo usoni. "Haya, Mama Swichi," husema, "washa dunia tunywe chai." Watoto wakaliokota jina, majirani wakalidaka kwa watoto, na mwisho hata kazini likamfuata.

Aliajiriwa na kampuni ya kuyasambazia maduka dawa. Oda zote zilipitia kwenye mashine za kukodi, zile ambazo watu husema ziko kwenye wingu. Si mashine za kushikika. Ni kompyuta zilizoumbwa ndani ya kompyuta kubwa za watu wengine, mbali huko, na unalipia kadiri zinavyokaa hewani. Kwa hiyo jioni maduka yakifunga, zilizimwa, na alfajiri ziliwashwa tena. Kuwaka, ziliwaka zenyewe. Shida ilikuwa kinachofuata.

Ndani ya kila mashine mna huduma nyingi, na kila moja imeandikiwa imngoje nani kabla ya kuanza. Huduma ya usanidi, ile inayoipa mashine jina lake, anwani zake na nywila zake, iliandikiwa ingoje diski ya mbali, maana huko ndiko maelezo yake yalikowekwa. Diski ya mbali ilingoja mtandao, kwa kuwa haifikiki bila mtandao. Mtandao nao ulingoja usanidi, kwa kuwa bila anwani hauna pa kwenda. Basi huyu anamngoja yule, yule anamngoja mwenzake, na mwenzake anamngoja wa kwanza.

Mashine haikupiga kelele. Ikishagundua kwamba foleni imejizungusha, ilimtoa mmoja pembeni kimya kimya, ikaandika lalamiko dogo tu ndani yake, ikaendelea na safari. Leo ilimtoa huyu, kesho yule. Asubuhi nyingine bahati ilisimama na kila kitu kikaamka salama. Nyingine mashine iliamka haina jina, au haina diski, na huduma ya kupokea oda ikakurupuka mapema, ikakuta hamna kitu, ikafa papo hapo. Hapo ndipo Mama Swichi alipoingia: asimamishe hiki, aanzishe kile, angoje kidogo, aanzishe cha tatu, kisha ahamie mashine nyingine. Maduka yakifungua milango, yeye jasho limeshamtoka na chai imeshapoa.

Ugonjwa wenyewe aliujua. Fundi aliyemtangulia ndiye aliyeongeza ule mstari wa kuingoja diski, kisha akapata kazi ng'ambo na simu zake zikawa hazipokelewi. Mama Swichi alimwendea meneja ofisini.

"Bosi, ni mstari mmoja tu. Niuondoe, maelezo niyaweke ndani ya mashine yenyewe, mambo yaishe."

"Lini?" aliuliza meneja. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta meza yake kwa kiganja akiwa anaongea.

"Hata leo."

"Mchana? Watu wanaagiza dawa za wagonjwa, wewe unazima na kuwasha?"

"Basi jioni."

"Jioni zinazimwa. Makao makuu hawataki zikae hewani hata dakika ya ziada." Akafuta meza. "Mama Swichi, kwani haziwaki? Na wewe si upo? Kitu kinachofanya kazi usikichokoe."

Wewe si upo. Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Ni kweli alikuwepo. Alikuwepo sikukuu na Jumapili. Asubuhi waliyomzika shangazi yake, alipanda gari la mwisho kwenye msafara, akajifunika mtandio kichwani na kompyuta yake ndani, na mama mmoja aliyekaa kando akamshika bega akimwambia, "Lia tu mwanangu, usijizuie." Kumbe alikuwa anaanzisha diski.

Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Kiwanda chao kilifungwa, naye akabaki anaokota kazi za mlango mmoja, dirisha moja. Mama Swichi aliporudi na majibu ya meneja, mume hakusikitika.

"Mshukuru Mungu amekataa," alisema. "Wewe unajua kwa nini walipopunguza watu hawakukugusa? Kwa sababu ya hizo swichi zako. Siku zikijiamkia zenyewe, watakuuliza unafanya nini pale. Ukila na kipofu, mke wangu, usimshike mkono."

Tangu siku hiyo, Mama Swichi alipokaa ukingoni mwa kitanda alfajiri, alihisi amefungwa kamba mbili: moja ameishika meneja, nyingine wameishika watu anaowapenda, na hawa wa pili walikuwa wameivuta kwa nia njema.

Mwili ndio uliokataa kwanza. Alianza kutokwa na damu nyingi kila mwezi, kisha hata katikati ya mwezi. Akipanda ngazi za ofisi hushika ukuta. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa muuguzi hospitalini, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimvuta kope la chini, akatazama, akasema, "Wifi, hapa ndani ni peupe kama karatasi. Kesho unakuja kupimwa, na usiniletee habari za mashine."

Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Daktari akataka afanyiwe upasuaji upesi. Mama Swichi akaomba likizo, meneja akasikitika kweli, akafuta meza, akasema hana wa kumshikia nafasi. Wasogeze mbele kidogo. Wakasogeza. Tarehe ya pili ilipokaribia, meneja akasema mwezi huu ni wa hesabu, makao makuu wanatazama. Wakasogeza tena. Siku hiyo wifi alikuja nyumbani na sare yake ya kazi, hata hakuketi.

"Punda afe, mzigo wa bwana ufike, siyo?" alimwambia, kisha akamgeukia kaka yake. "Na wewe umekaa hapo unamtazama. Huyu akianguka, hizo swichi utaziwasha kwa mashine yako ya kuchomelea?"

Mume akatazama sakafu. Moyoni mwa Mama Swichi kulikuwa kumeshapambazuka: ruhusa haitakuja, na akiendelea kuingoja, itamkuta kaburini.

Jioni iliyofuata, wenzake wakifunga mikoba yao, yeye alibaki mezani akijifanya anamalizia taarifa. Alichagua mashine moja tu, iliyohudumia maduka madogo ya pembezoni, ili mambo yakiharibika yaharibike kidogo. Akayahamisha yale maelezo kutoka diski ya mbali akayaweka ndani ya mashine. Akaufuta ule mstari. Akakosea nywila yake mwenyewe, akairudia. Aliyasoma aliyoyaandika, akayarudia kuyasoma, kisha muda wa kuzimwa ukafika na mashine zote zikazimika, na hapo hakuna tena cha kubadilisha.

Alfajiri alikaa pale pale ukingoni, lakini mikono ameikalia. Mashine nyingine alikuwa hajazigusa bado. Aliitazama ile moja. Mtandao ukaanza. Hapana, usanidi kwanza, ndiyo, kisha mtandao. Kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyovizoea, au labda ni kwa sababu zamani alikuwa anakijaza kwa vidole. Diski ikapatikana. Huduma ya oda ikaamka ya mwisho, ikasimama. Akafungua kumbukumbu za mashine, mahali inapoandika kila inachokutana nacho inapoamka, akatafuta lile lalamiko la foleni iliyojizungusha. Halikuwepo.

Hakushangilia. Asubuhi za bahati alishaziona nyingi, ingawa hata hizo ziliacha lalamiko lile. Akaanzisha huduma za mashine nyingine kwa mkono kama kawaida, akasubiri kesho, na keshokutwa. Ile moja ikaamka salama kila siku. Ndipo akaendelea na zilizobaki, moja moja, jioni kwa jioni, kama mpangaji anayehamisha vyombo vyake bila kumuaga mwenye nyumba.

Mumewe aligundua. Asubuhi moja aliamka akamkuta jikoni, kompyuta imefungwa, anapepeta mchele.

"Umezigusa?"

"Nimezigusa."

Mume akavuta stuli, akakaa. "Na wakiona huna kazi?"

"Basi nitakuwa sina kazi, lakini nina damu."

Mume akachukua ungo mikononi mwa mkewe, akaendelea kupepeta yeye, vibaya, mchele ukimwagika chini.

Likizo ya ugonjwa aliiandika mwenyewe, akaambatisha barua ya daktari, akaiacha mezani kwa meneja bila kungoja jibu. Siku ya upasuaji wifi alimnyang'anya simu mlangoni mwa wodi akaitia mfukoni mwa sare. Alfajiri ile Mama Swichi alikuwa macho, amelala chali, akisikia viatu vya wauguzi koridoni. Saa yake ya kuwasha ilipofika, vidole vilijikunja vyenyewe juu ya shuka. Alijua alichokifanya ni sahihi. Bado alijihisi kama mwizi. Walipokuja kumsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, aliwaza kuhusu mashine, si kuhusu kisu, na jambo hilo lilimtia aibu.

Alipozinduka, mdomo mzito kama umejaa pamba, kitu cha kwanza alichoomba ni simu. Wifi akasonya, akampa. Ujumbe ulikuwa mmoja tu kutoka kazini. Meneja aliandika: "Mashine zote zimeamka vizuri leo. Ahsante kwa kujitoa hata ukiwa wodini. Pole sana."

Akacheka, kidonda kikamchoma, akashika tumbo. Wifi akadhani amechanganyikiwa na dawa za usingizi.

Wiki kadhaa baadaye meneja alikuja kumjulia hali nyumbani, na mfuko wa matunda. Mama Swichi alimweleza yote: mstari, jioni zile, mashine moja moja. Meneja hakukasirika. Alitafuta meza ya kufuta, akakosa, akafuta goti lake.

"Makao makuu waliniuliza," alisema. "Waliona hujaingia kwenye mashine tangu ulazwe. Wakaniuliza, sasa huyu mama kazi yake ni nini?"

Mume, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama mkewe.

"Nikakutetea," meneja akaendelea. "Tawi letu lingine lina mashine nyingi kuliko zetu. Yule fundi wa zamani ndiye aliyezipanga. Zina ugonjwa ule ule, hata zaidi. Wanataka ukipona uende ukawe unaziwasha asubuhi."

"Kuziwasha, au kuzitengeneza?"

"Kuziwasha kwanza. Kutengeneza tutaomba ruhusa."

Mama Swichi alipanga maneno yake taratibu, maana kila pumzi ilikuwa na gharama yake tumboni. "Bosi, nitakwenda. Watoto wanasoma, siwezi kusema siendi. Ila wiki ya kwanza natengeneza mashine moja. Waniruhusu, wasiniruhusu."

"Tutaliangalia," alisema meneja, akaaga.

Alikwenda kweli, na wiki ya kwanza akatengeneza moja kama alivyosema. Ruhusa ya zilizobaki ilichukua miezi, na hata ilipokuja, ilikuja kwa mashine moja moja, kila moja na barua yake. Mpaka leo hajazimaliza. Kuna asubuhi analala mpaka jua linaingia dirishani, na kuna asubuhi nyingi zaidi ambazo mumewe akigeuka humkuta ukingoni mwa kitanda, mgongo umeinama, anamwanzishia huyu ili yule aache kungoja. Siku hizi mumewe hamtanii. Huamka, akabandika birika, akamwekea kikombe karibu na goti.

"Zimebaki ngapi?" humuuliza.

"Zimebaki," husema Mama Swichi, bila kuinua macho.