Nilivyokwenda Nanyuki Kumtafsiria Koko Vumilia

Nilikwenda Nanyuki kwa kupenda sifa. Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye hununua hata kwetu Tetu, alinipigia simu akisema kuna nyanya mmoja Mkongo anayeishi kwake. Amekimbia vita, na afisa wa wakimbizi anakuja kumhoji, lakini Kiswahili chake kinamshinda kila mtu. "Mwalimu, hapa ni wewe tu," aliniambia. Mtu aliyefundisha Kiswahili mpaka akastaafu hahitaji kubembelezwa zaidi ya hapo.

Asubuhi niliondoka mtaa wa Skuta, Nyeri, nimevaa suti na tai, ndani ya pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka kabichi. Njia nzima nilimfundisha upatanisho wa ngeli. Tulipofika Naro Moru akafungua redio.

Nanyuki kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Koko Vumilia, yaani Nyanya Vumilia, ndivyo walivyomwita, alikuwa ameketi sebuleni kwa Abdi, amejifunika mablanketi mawili. Abdi alininong'oneza kwamba Koko akikataliwa ukimbizi hana pa kwenda, maana kwao hakubaki mtu. Nikamwambia asijali, nimefika.

Afisa, binti wa Kianyaga aitwaye Wangari, alimuuliza Koko alivyotoka kwao.

"Mukubwa yangu alisema nitoke, vita imefika," Koko akajibu. "Yeye akabakia na bunduki ku mulango."

"Mkubwa wangu, mama," nikamrekebisha. Ndiyo, wasomaji, nilimrekebisha. Kisha nikamgeukia afisa na kumtafsiria kwa Kiingereza kilichonyooka: mkuu wake, aliyekuwa na bunduki, alimwamuru aondoke.

Wangari akaacha kuandika. "Mkuu? Ati huyu mama alikuwa na wapiganaji? Kundi gani?"

Nikamuuliza Koko mkubwa wake alikuwa wa jeshi gani. Alinitazama kwa huruma.

"Jeshi? Hapana, baba, yeye alikuwa fundi wa viatu. Ni mukubwa yangu! Tumbo moja. Mimi mudogo, yeye mukubwa. Bunduki ilikuwa ya kuwinda. Walimuua palepale ku mulango, mimi nikisikia."

Kumbe kwao mkubwa wako ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Nikalegeza tai. Nilikuwa nimemfanya mkongwe huyu mwanajeshi, mtu asiyepewa ukimbizi, na kaka yake aliyekufa akimlinda nimemfanya kamanda. Niliona aibu kuliko siku mkaguzi aliponikuta nasinzia darasani.

"Futa," nikamwambia Wangari. "Nimekosea mimi, si yeye."

"Niko na swali, Mwalimu," akasema bila kucheka. "Ni maneno ngapi ingine umenitafsiria hivyo?"

Tukaanza upya, na kila neno nililodhani nalijua nikamuuliza Koko kwanza. Alinieleza polepole, bila kinyongo.

Jioni nilirudi Nyeri na pikapu ile ile. Jirani akataka kujua kazi ilikwendaje. "Kiswahili ni kigumu," nikamjibu, naye akacheka hadi Kiganjo.

Wiki zilizofuata usingizi uliniruka. Kisha Abdi akapiga simu: Koko amekubaliwa, atakaa. Nililia kwa furaha, na kwa woga pia. Nilichojifunza ni kwamba kikongwe anaweza kuponea risasi, akaponea njaa, akavuka mipaka na magoti mabovu mpaka akafika Nanyuki, halafu nusura amalizwe na mwalimu wa Kiswahili.