Ukuta wa Matete Mabichi

Mwangaluka nyote! Anayekula aweke tonge chini kwanza, maana haya yangu yanakuja na harufu yake.

Mvua iliangusha ukuta wa choo chetu, likabaki shimo na nzi wake. Siku ileile simu ikaja: mama mkwe yuko njiani kutoka Mwandoya, anakuja kuona mjukuu. Mke wangu akanikazia macho.

"Mama akikosa pa kujisitiri, kesho anaondoka. Na mimi na mtoto tunaondoka naye."

Kwetu mama mkwe hata kivuli chake unakikwepa, sembuse hayo mengine! Nikabeba panga, mbio mbugani kukata matete.

Jamani, matete watu wanayasifia. Ni kweli, tunafuma vihenge vya nafaka, tunapanga kwenye paa, ndege wanataga humo, kambale wanazaliana chini yake. Ila hawasemi yanaota wapi! Tope lilinifika kiunoni, jeusi, linapiga mbweu kama mlevi. Uvundo wake ungemfanya maiti ahame kaburi. Ruba wakanijaa mapajani. Mmoja alininyonya mpaka akaanza kufanana na baba yangu. Nikimbandua, anaacha ute kama kamasi. Ptuu!

Nikarudi na mzigo, nikasimamisha ukuta palepale. Mke wangu akaupapasa.

"Hujayakausha? Hata majani hujatoa?"

"Mama yako yuko stendi. Nikamwambie asubiri jua?"

Mama mkwe akafika, akambeba mjukuu kidogo, akaomba kopo la maji, akaingia chooni. Mimi kwa heshima nikaenda kujificha nyuma ya zizi. Nikakuta zizi liko wazi, ndani hamna hata ndama.

Kugeuka hivi, ng'ombe wote wako chooni, wamejipanga kama wageni wa harusi, wanatafuna ukuta! Mate ya kijani yanachuruzika mpaka chini. Nzi wanatoka shimoni, wanatua puani mwao, na wao wanalamba tu na kumeza. Na dume jekundu limeshang'oa upande mzima.

Ningefanyaje? Kutazama siwezi, kuacha siwezi. Nikafumba macho, nikakimbia na fimbo, nachapa kulia, nachapa kushoto, "Hei! Tokeni!" Fimbo ya tatu ikalia pwaa!

"Mkwe," mama mkwe akapiga ukelele, "huyo uliyemchapa hana mkia!"