Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Paskazia alikuwa na uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Mwezi wa nane Dodoma upepo huanza kupiga asubuhi na mapema, ukiokota vumbi la barabarani na kulimwaga juu ya kila kitu, naye kila siku alitoka Chang'ombe kwa miguu, mtandio ameuzungusha kichwani hadi puani, mpaka Makole kwenye kibaraza alikokodi nafasi ya kuweka cherehani. Zamani alipanda bodaboda. Siku hizi vijana wa kijiweni walikuwa wamemzoea. Wakimwona tu wanasimama na kupiga saluti.

"Pita, mama! Tunajua, hata leo ni mazoezi!"

Alikuwa akicheka kidogo na kupita. Kujibu nako kunahitaji nguvu.

Deni lake lilianza kwa mdomo. Mwaka juzi, binti mkubwa wa dada yake Zipora alipokuwa akiagwa kwenda kuolewa, familia ilikaa kikao cha michango, na mwenyekiti akaita jina moja moja ili kila mtu ataje ahadi yake mbele ya wenzake. Shangazi mmoja wa upande wa baba alitaja laki nne, kisha akaketi taratibu huku akijitengeneza mtandio begani. Paskazia, aliyezaliwa tumbo moja na mama wa binti, alisimama akiwa amekusudia kusema laki moja. Ikatoka laki tano. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Alirudi nyumbani vigelegele vikiwa bado masikioni, na kwenye pochi hana hata nauli ya kesho.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema kwamba ahadi yenyewe unaweza kuilipa kwa deni jingine. Paskazia alikwenda kwa Mbwana, mkopeshaji mwenye ofisi ndogo nyuma ya duka la dawa, akachukua mkopo wa aina ile ambayo watu wameibatiza kausha damu. Marejesho kila Jumatatu. Jumatatu zikaanza kukimbizana. Alipokwama alikopa kwenye kikundi cha akina mama ili azibe kwa Mbwana, na alipokwama kwenye kikundi alirudi kwa Mbwana. Baada ya mwaka mmoja na ushei, alichokuwa amekwisha kulipa kilizidi alichokopa, na deni bado lilikuwa limekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Mbwana alikuja na vijana wawili wakachukua mashine yake ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisichanike. Mbwana hakufoka. Alichomoa vibunda vya nyuzi juu ya mashine kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi.

"Nyuzi ni zako, mama. Sisi si wezi."

Fundi asiye na ovaloki ni nusu ya fundi. Kila sare ya shule aliyoshona ilibidi aipeleke kwa fundi mwingine ikafungwe kingo kwa malipo, na faida ikawa inaishia huko. Wateja nao, wakichoka kusubiri, walihama.

Hapo ndipo alipokaa chini. Hakuwa mtu wa kuandika andika. Darasa la saba alimaliza, lakini kalamu ilimtoka mkononi zamani. Ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani. Alichukua mabaki ya kitambaa cha kaki cha kaptula za wanafunzi, akashona kipande kimoja kirefu chenye mifuko minne, akakitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Mfuko wa kodi. Mfuko wa chakula. Mfuko wa kikundi. Wa nne ulikuwa wa Mbwana, na huo aliushona mdomo kabisa kwa mshono wa mara mbili, akaacha tundu la kifungo tu, la kupitisha noti iliyokunjwa. Pesa ikiingia humo haitoki mpaka uzi ukatwe siku ya kumlipa. Mtu mwingine angeweza kufumua na kushona tena akajidanganya hakufanya kitu. Fundi hawezi. Mshono uliorudiwa anautambua hata gizani kwa kidole.

Akajiwekea malengo. Atatembea kwa miguu. Atakula nyumbani, wala si kwa mama lishe. Na mpaka mashine irudi, hatachangia sherehe ya mtu yeyote, hata akiolewa malaika. Akaenda kwa Mbwana na kumwomba asimamishe riba, naye atalipa kila mwisho wa mwezi hadi mwezi wa nane. Mbwana alikubali, kwa sharti. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane ikivuka saa sita mchana kabla hajamaliza, mashine inauzwa.

Malengo mawili ya kwanza yalimchosha mwili tu. Mchana alikula ugali wa uwele aliotoka nao nyumbani, na jirani yake kibarazani, Sikudhani wa Kondoa, muuza karanga na mlenda mkavu, humtilia kijiko cha mlenda na maneno juu yake.

"Mama fundi, mfungo wako umetushinda Waislamu. Sisi tunafunga mwezi, wewe unafunga mwaka. Na futari yenyewe siioni!"

"Futari ipo kwa Mbwana," Paskazia hujibu, "imefunikwa turubai."

Lengo la tatu ndilo lililomtoa jasho. Mwezi wa sita lilifunguliwa kundi la simu la harusi ya Gerson, mtoto wa kiume wa Zipora, na Paskazia akaingizwa humo bila kuulizwa. Kila jioni ilitumwa orodha ya waliochangia. Kiwango cha chini laki moja, na bila mchango hakuna kadi, na bila kadi huingii ukumbini. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu, kwa heshima ya umama mdogo, na mbele yake kistari. Majina ya watu asiowajua yalijaza tarakimu; lake likabaki na kistari chake. Alimpigia dada yake, akamweleza habari za mashine. Zipora alisema, "Haya, nimekusikia," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane.

Ijumaa yake, jua likielekea kuzama, Zipora alifika Chang'ombe. Alikuwa ametoka saluni, nywele zimefungwa wavu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Paskazia alimwamkia, "Shikamoo dada," akampa kiti pekee, yeye akakaa kitandani.

"Marahaba. Sikuja kukaa, Paska. Nimekuja kuchukua laki moja."

"Dada, nilikwambia."

"Uliniambia. Mimi nimewaambia kamati utatoa. Unajua wanavyosema? Wanasema mama mdogo amemsusia mtoto. Shangazi yao ameuliza mbele za watu kama tuligombana. Nikajibu nini?"

"Ungejibu sina."

"Huna?" Zipora aligeuka, akauangalia mlango. Alikuwa dada wa fundi, alijua mshono. Akanyoosha mkono na kuupima mfuko wa nne kwa kiganja, kama mtu anayepima kuku sokoni. "Na hiki kilichovimba humu ni nini? Pamba?"

"Hiyo ni ya Mbwana. Laki moja na themanini, awamu ya mwisho. Kesho saa sita. Nikitoa hata elfu kumi, mashine imekwenda. Kuna mtu ameshakuja kuiangalia mara mbili."

"Mbwana ni ndugu yako?"

"Sio."

"Mimi je?"

Paskazia alitupa jicho mezani. Mkasi ulikuwa pale, kati yao. Alijua kwamba akiukata uzi ule, dada yake atatoka akitabasamu, kesho yeye atakaa meza ya mbele na kadi yake mkononi, na Jumatatu ataanza upya kutoka pale alipoanzia, akiwa na umri mkubwa zaidi na magoti mabovu zaidi. Akahisi hata machozi yamechoka kuja.

"Ile laki tano ya binti yako ndiyo iliyonifikisha hapa, dada," alisema polepole.

"Nani alikulazimisha kutaja laki tano?"

"Hakuna. Ni mdomo wangu. Ndiyo maana safari hii nimeushona."

Zipora alisimama, akajifunga vizuri khanga kiunoni. "Basi kaa na mashine yako. Ikufae siku ya msiba." Akatoka. Paskazia alimsikia akimwuliza mwenye bajaji bei, akimkaripia kwamba ni ghali, na bajaji ikiondoka.

Kesho yake asubuhi aliukata uzi. Noti zilikuwa zimekunjwa ndogo ndogo, nyingine za elfu mbili, nyingine za elfu tano, zikinuka kaki mpya. Mbwana alizinyoosha moja moja kwenye meza yake, akahesabu, akahesabu tena, akatabasamu.

"Hongera mama. Wateja kama wewe wachache. Ukihitaji tena, mlango uko wazi."

"Ufunge," alisema Paskazia. "Upepo mkali, utajaza vumbi."

Vijana waliitoa mashine kwenye chumba kilichojaa televisheni, makochi na majokofu ya watu, wakaipakia kwenye bajaji. Huko Makole Sikudhani alipiga kigelegele kimoja kikali hadi wapita njia wakageuka, kisha akaja kuipangusa mashine kwa upindo wa baibui lake.

"Imekonda, maskini. Hawakuilisha?"

Paskazia alitia nyuzi, akaikanyaga. Ikanguruma. Alikuwa amengoja sauti ile kwa miezi, akidhani siku atakayoisikia atalia au atacheka. Alikaa tu, mguu juu ya pedali, akiwaza kwamba muda huu Gerson yuko kanisani. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto yule, mwaka ule Zipora alipolazwa na hakujulikana kama atapona.

"Nenda," Sikudhani alisema, bila kuulizwa.

"Sina kadi."

"Sijakwambia uende na kadi. Nimekwambia nenda."

Saa moja jioni alikuwa Mkonze, nje ya ukumbi, amevaa gauni lake la Pasaka. Vijana wawili wenye suti walisimama mlangoni.

"Kadi, mama."

"Mimi ni mama mdogo wa bwana harusi."

"Mama," mmoja alisema kwa upole wa kuchoka, "tangu saa kumi na mbili wamepita mama wadogo saba. Bwana harusi ana bahati."

Hakubishana. Alizunguka nyuma, kulikokuwa na masufuria na moshi, na wapishi wakipakua pilau kwa kelele. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mwanamke wa makamo aliyesimama jikoni haulizwi. Mmoja alimpa sahani na kitambaa afute, akafuta.

Zipora aliingia kwa kasi, kitenge cha sare ya akina mama kinang'aa, viatu mkononi. "Meza kuu hawana maji! Nimesema mara ngapi..." Akamwona.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Zipora alimwangalia juu hadi chini, sahani, kitambaa, gauni la Pasaka. "Umepitia wapi?"

"Huku huku."

"Mashine?"

"Nimeitoa."

"Umemaliza deni lote?"

"Kwa Mbwana, lote. Kikundi kimebaki kidogo."

Zipora aliketi juu ya kreti la soda kama gunia lililotuliwa. Kwa mara ya kwanza Paskazia aliona jinsi dada yake naye alivyochoka. Nyayo zilikuwa zimevimba, na poda usoni imepasuka kando ya mdomo.

"Mapambo hatujamaliza kulipa," Zipora alisema kwa sauti ya chini. "Wala mpiga picha. Watu wametaja mamilioni, Paska, waliotoa ni robo. Madeni hayo nitayabeba mimi." Akajipangusa shingo. "Usidhani nimekusamehe. Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nina hasira sana."

"Najua, dada."

Ukumbini mshereheshaji alikuwa akiita akina mama waje mbele wacheze, akiwahimiza kwa kurudia rudia. Zipora alijaribu kuvaa viatu, vikagoma kuingia. Paskazia akachuchumaa, akavilegeza mikanda, akamvisha kimoja, kisha cha pili.

"Jumatatu nitakuja kwako," Zipora alisema akimshika bega ili asimame. "Unishonee mifuko kama ile. Mmoja uushone mdomo." Akaenda hatua mbili, akarudi. "Na hilo katoni la maji usiliache hapo. Libebe, twende."

Paskazia akalibeba, akamfuata ndani.