Kura Yangu Iko Ushago

Nilimwahidi mwalimu wa chekechea kwamba jengo letu zima litampigia kura. Nilitoa ahadi hiyo mlangoni pa darasa lake, watoto wakinivuta suruali, na niliitoa kwa sauti ya mtu aliyesomea sayansi ya siasa na kuhitimu. Yeye alifuta chaki mikononi, akaniuliza huku akicheka, "Zima kabisa?"

"Zima, Mwalimu. Kuanzia msimamizi wa ploti hadi wale wa ghorofa ya juu wasiosalimia watu."

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha chini katika ploti yetu, jengo la kupanga kama mengine mengi ya Eastlands, mashariki mwa jiji, lenye ngazi nyembamba na nguo zinazoning'inia kwenye kila roshani. Hapo ndipo watoto wetu walipojifunza irabu huku mama zao wakiwa soko la Gikomba wakifungua mitumba. Mwaka huo mwenye nyumba alimwarifu Mwalimu kwamba ifikapo Desemba atakihitaji chumba chake, kwa kuwa amepata mpangaji wa duka la vinywaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenye nyumba. Lakini kuvuka barabara tu, mkabala na mlango huo, kulikuwa na kiwanja cha umma kilichotengewa shule ya chekechea. Kilizungushiwa mabati, na ndani yake hamkuwa na kitu ila nyasi na mbuzi wa mtu tusiyemjua.

Chekechea ni kazi ya kaunti. Anayeweza kusimama katika bunge la kaunti na kuuliza habari za kiwanja kama kile ni mwakilishi wa wadi. Na kiti cha mwakilishi wa wadi yetu kilikuwa wazi.

Kilikuwa wazi kwa sababu aliyekikalia alijiuzulu akashike kazi nyingine. Wengi pale mtaani walidhani kwamba kiti kikiachwa hivyo, mkubwa fulani huketi ofisini akamteua mwingine. Nilijipa kazi ya kueleza, kwenye vibanda vya chai na kwenye foleni ya maji, kwamba sivyo. Spika hutangaza kuwa kiti ki wazi, tume ya uchaguzi hutaja siku, kisha wakazi wa wadi hiyo, wao peke yao, huulizwa upya wanamtaka nani. Jiji lote linaendelea na shughuli zake, na wadi moja tu inaitwa kujibu. Hadi leo naliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa, na wanaonicheka kwa kulisema kwa uzito nawaruhusu wacheke.

Mwalimu hakuwa na chama. Alitaka kusimama kama mgombea huru, na mgombea huru hudaiwa sahihi za watu waliosajiliwa kupiga kura katika wadi hiyo hiyo. Basi Jumapili moja, watu wakiwa wamerudi kutoka kanisani, nikapanda juu ya paa tunapoanika nguo. Pale hupatikana jengo zima: wanaofua, wanaosukwa, na wanaotazama tu maghorofa ya mtaa wa Kware yakizidi kupanda.

"Mwalimu? Huyo hata usiniulize," alisema mama wa ghorofa ya pili, muuzaji wa mitumba mwenye sauti ya soko. Alikuwa akikung'uta shuka. "Leta kalamu."

"Kituo chako cha kura ni kipi, Mama?"

"Kituo gani tena? Si kule kwetu ushago, Murang'a."

Nikamgeukia jirani yake, fundi seremala, aliyekuwa akinyolewa.

"Mimi ni Machakos, buda. Hapa ni pa kulala tu."

Nikauliza wa tatu, wa nne, wa tano. Makueni. Nyeri. Kirinyaga. Kila jibu lilileta kicheko kipya, hata kinyozi akalazimika kuondoa mashine kichwani mwa fundi. Nilikuwa nimesimama na kalamu yangu katikati ya watu waliompenda Mwalimu kwa dhati, na kura zao zilikuwa zimetawanyika milimani na mabondeni, mwendo wa saa kadhaa kutoka pale.

Aliyenijibu kwa utulivu alikuwa Mzee wa ghorofa ya tatu, dereva mstaafu kutoka Kitui ambaye jengo zima humwendea likiwa na ugomvi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mjukuu wake akichezea viatu vyake.

"Kijana wangu, huko chuoni hawakukufundisha? Mtu hupiga kura mahali atakapozikwa."

"Lakini Mzee, umeishi hapa tangu kabla sijazaliwa."

"Hapa nimekaa. Kwangu ni Kitui. Kila uchaguzi nafika, mbuzi anachinjwa, ndugu wananiona bado nina miguu. Nikiihamisha kura, watasema jiji limenimeza."

"Na huyu mjukuu wako anayesoma kwa Mwalimu, naye amekaa tu?"

"Huyu ni mtoto. Atapajua kwao akishajua kusoma."

"Na atasomea wapi, duka la vinywaji?" mama wa mitumba akadakia. Watu wakacheka, na Mzee akacheka nao, lakini nilimwona akimtazama mtoto yule kidogo zaidi ya kawaida.

Nikasema basi twende wote kesho yake, wakahamishe kura zao. Nilipofika katika ofisi ya usajili kuulizia utaratibu, karani alinieleza kwa upole kwamba kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili na uhamisho katika eneo hilo husimamishwa hadi uchaguzi upite. Sheria yenyewe ni ya haki. Bila hiyo mtu mwenye mabasi angeweza kuhamishia wapigakura popote kiti kinapoachwa. Lakini ilinibidi niende kumwambia Mwalimu.

Mwalimu alinisikiliza akiwa ameshika kipande cha chaki. "Kwa hiyo katika lile jengo zima, nina nani?"

"Una mimi. Na mama yangu. Na msimamizi wa ploti."

"Aa, msimamizi!" akasema. "Huyo, mtu wa mwenye nyumba, nilidhani ndiye sitampata."

Sahihi tulizipata katika mtaa wa zamani, upande wa pili wa reli, ambako watu wana nyumba zao wenyewe na wamepiga kura pale pale maisha yao yote. Kampeni ikaanza, na hapo jengo letu likafanya kioja. Wasioweza kupiga kura ndio waliofanya kampeni kuliko wote. Mama wa mitumba alitangaza jina la Mwalimu Gikomba nzima kana kwamba anauza marobota. Fundi alitundika picha yake kwenye mkokoteni uliobeba vitanda. Jumamosi moja kundi letu lilifika hadi soko la Burma likiimba, na wachoma nyama wakatoka nje kutazama, wakauliza kama ni uchaguzi wa wadi yao. Tukawaambia si wao. Wakaimba nasi vivyo hivyo, wakatukatia mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama.

Siku yenyewe nilikuwa wakala wa Mwalimu katika darasa moja la shule ya msingi. Foleni ilikuwa fupi na yenye subira. Kupitia dirishani niliwaona majirani zangu nje ya lango, wamevaa nguo za kanisani, wamekuja kutazama wengine wakiwachagulia mwakilishi.

Mwalimu alikuwa wa pili. Pengo lilikuwa dogo. Ghorofa mbili za jengo letu zingelifunika na kura zikabaki.

Asubuhi iliyofuata alifungua darasa kama kawaida. Nilishuka kumwomba radhi, nikamkuta Mzee amenitangulia, mjukuu mkononi.

"Pole, Mwalimu."

"Nimeshapoa, Mzee. Karibu ukae, ila viti ni vya wenyewe."

Mzee akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakapanda karibu na masikio. Watoto walitulia kumshangaa. Akasema, "Nimewaza. Siku yangu ikifika, mwili wangu upelekeni Kitui, nilale karibu na mama yangu. Lakini kura yangu iacheni hapa, na hawa."

Mwalimu alimmiminia chai. Halafu akasema, "Mzee, mbona unatuaga na chai hujanywa?"

Neno la Mzee lilipanda ngazi haraka kuliko maji ya kaunti. Wale waliokuwa wakiniambia kwamba kuhamisha kura ni kuikana asili yao, sasa walisema kumbe mtu anaweza kuzikwa pengine na kuhesabiwa pengine. Usajili ulipofunguliwa tena, tulikwenda pamoja Jumamosi asubuhi, Mzee akiwa mbele na koti lake la safari, lile lile la kuendea Kitui. Afisa aliyekuwa mlangoni alitutazama.

"Hii ni harusi ama ni nini?"

"Tunahama," mama wa mitumba akajibu.

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka hapa kuja hapa."

Si wote waliokuja. Fundi alikataa katakata. Ana shamba Machakos na ugomvi wa mpaka, na anataka sauti yake iwe kule. Sikumlaumu. Madawati yote ya Mwalimu ameyatengeneza yeye.

Duka la vinywaji lilifunguliwa, kama ilivyotarajiwa. Watoto sasa husomea katika kanisa la mabati kwa hisani ya mchungaji, na Ijumaa hubeba ubao wao nje ili waumini wapate nafasi ya mkesha. Aliyeshinda kiti ni mtu mstaarabu. Tumemwendea kuhusu kiwanja, Mzee akiwa msemaji wetu, na kila mara hutukaribisha kwa soda. Soda tumekunywa. Kiwanja bado kina mbuzi.

Uchaguzi mkuu unakuja, na Mwalimu atasimama tena. Juzi alinikumbusha ile ahadi. "Zima kabisa?" akauliza. Nilimwambia safari hii siahidi, nahesabu kwanza. Akasema hatimaye elimu yangu imeanza kuzaa matunda.

Sikuombi umchague yeye. Huenda huishi hata karibu nasi. Nakuomba hili tu: ikiwa mtoto wako anasoma, anaugua na kucheza katika mtaa unamopanga, na kura yako iko mbali, nenda ukaihamishe, na uende sasa, kabla kiti hakijawa wazi.