Afra wa Hinterau, Aliyeufunga Mnara wa Kengele

Alizaliwa mwaka 1601 katika bonde la Hinterau, huko Tirol, mtoto wa kwanza wa Blasius Plattner, mpiga kengele wa kanisa la masista. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wao. Blasius aliirithi kwa baba yake, aliyefia mnarani angali kijana. Malipo yalikuwa mganda wa shayiri kutoka kila shamba, kwa maana kengele ile haikuwa ya kuitia watu misa tu. Wingu jeusi lilipojikusanya mlimani, mpigaji alipanda mbio na kuipiga mpaka dhoruba ipite. Askofu alikuwa ameibariki, na bonde zima liliamini kwamba sauti yake huivunja radi na kuizuia mvua ya mawe isiangamize mizabibu. Mimi sitawacheka. Aliyewahi kuona jasho la mwaka mzima likitwangwa kufumba na kufumbua hana hamu ya kucheka.

Afra alikuwa bado msichana mdogo radi ilipomwua baba yake akiwa ameshika kamba. Watu walimzika kwa heshima, kisha wakaanza kunong'ona kwamba aliyepigwa na radi ndani ya kanisa lazima alificha dhambi. Mjane akainamisha kichwa. Binti alikataa. "Baba hakuwa na dhambi ya kuficha," alimwambia paroko mbele ya watu. "Alikuwa na kamba mkononi." Alichapwa kwa maneno hayo, na hakuyafuta.

Mwaka 1619 aliingia utawani. Masista walidhani sala ingemlainisha. Sala ikamkaza zaidi. Walimkabidhi sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya misa, na ufunguo wa mnara ukaning'inia kiunoni pake. Wakati huo mdogo wake, Jörg, alikuwa amekwisha kuishika kamba ya baba. Kila dhoruba ilipokuja, Afra alisimama mlangoni akisikiliza kengele na kutazama mashamba, akaona kwamba mvua ya mawe hunyesha ikitaka na huacha ikitaka, kengele ilie isilie. Ilikuwa karne ile ambayo wasomi wa Padova na kwingineko walianza kuelekeza vioo vya darubini angani na kuyaamini macho yao. Afra hakuwa na kioo. Alikuwa na ndugu mmoja tu, naye alikuwa juu mnarani.

Mwezi wa Agosti 1634, mizabibu ikiwa imezaa vizuri kuliko miaka mingi, wingu lilishuka mlimani. Afra aliufunga mnara kabla Jörg hajafika, akasimama mbele ya mlango. Kijiji kizima kilimjia, kikiongozwa na Kaspar Rainer, mwenye mashamba makubwa.

"Toa ufunguo, Sista!"

"Sitoi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Baba yangu alisikia la mkuu, Kaspar. Hakuvunjika guu. Aliungua."

Jörg alikuwa akilia kwa hasira. "Dada, unanivua nguo mbele za watu! Hii ni kazi yangu!"

"Nikuvue nguo, mdogo wangu. Sanda sitakuvisha."

Mvua ya mawe ikanyesha, na mizabibu ikalala chini yote. Siku ya tatu Afra alisimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la uchawi, kwamba aliizuia kengele ili dhoruba yake ipite. Aliahidiwa kuachiliwa iwapo angeapa kuwa kengele huivunja radi. "Bonde la ng'ambo walipiga kengele zote," alijibu, "wakanyeshewa kama sisi, na mpigaji wao amezikwa jana. Mchawi wa huku ndiye mimi, sawa. Wa kule ni nani?"

"Unaikana kengele iliyobarikiwa?"

"Kengele naiheshimu. Ninachokikana ni kwamba Mungu ni kiziwi."

Hakimu alihukumu kwamba dhoruba itakayofuata, Afra mwenyewe apande mnarani kupiga kengele. Mungu akimwacha hai, hana hatia. Haikuchukua muda. Walimpandisha, wakamfungia, wakangoja chini wakiwa wamelowa. Kengele haikulia.

"Vuta, we mwanamke!" Kaspar alipiga kelele.

"Njoo uvute wewe!" sauti ikajibu kutoka juu.

Hapo radi ikapiga msalaba wa mnara. Jörg alivunja mlango, akapanda. Aliikuta kamba imeungua yote, imebaki mstari wa majivu sakafuni, na dada yake yuko kona ya mbali, amepiga magoti, rozari mkononi, sikio moja limeziba milele. Wengine husimulia kwamba malaika alisimama kati yake na radi. Malaika simkatai. Nasema tu kwamba kamba hakuishika. Kaspar alidai hukumu haikutimizwa, na Jörg akamwonyesha majivu. Hakimu alifungwa na maneno yake mwenyewe, akamwachilia. Tangu siku hiyo Jörg hakuipiga tena kengele wakati wa dhoruba.

Afra alifariki mwezi wa Julai 1667. Siku ya maziko, wingu jeusi lilijikusanya mlimani. Kwa desturi, sista hupigiwa kengele akipelekwa kaburini.

"Jörg," Mama Mkuu aliuliza, "kengele ya dada yako je?"

"Leo hapana, Mama. Angenichapa."

Akaufunga mnara, akaweka ufunguo juu ya jeneza, akalisindikiza huku wajukuu wakimshika koti. Alikuwa Plattner wa kwanza kuishika kamba ile na kuota mvi.

Roma haijamwandika Afra miongoni mwa watakatifu, na bonde halikungoja. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watawala walipopiga marufuku kengele za dhoruba, Hinterau hawakuhitaji kuambiwa. Nasi tumwige: desturi inayokula watoto wetu tuifungie mlango, hata wakituita wachawi. Katika sikukuu yake waamini hukusanyika kanisani, mnara ukiwa umefungwa, nao humwomba Mungu kwa sauti ya chini, kama mtu anavyosema na anayemsikia.