Moshi wa Ubani Dohanini

Nilipokuwa mwanafunzi wa historia London, nilijitolea kuwaongoza wageni katika meli kuukuu ya mvuke iliyofungwa gatini, mtoni Thames. Ilijengwa karne ya kumi na tisa, na ubavuni ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya makasia, yaliyowahi kuwapeleka wakazi wa mji kupunga upepo wa bahari. Tanuri lake lilikuwa baridi tangu kabla sijazaliwa.

Maelezo niliyopewa kukariri yalisifu shaba, mazulia na keki. Watu waliotia makaa tanurini, wakiungua ili wengine wapunge upepo, hawakutajwa hata kwa nusu sentensi. Niliandika aya moja juu yao. Msimamizi, mzee aliyeipenda meli ile kama mke wa pili, aliisoma uso kaukunja.

"Watu huja kufurahi, kijana. Wewe unawapeleka mazishini."

Tukakubaliana kwamba wajumbe watatu wa kamati ya meli wanisikilize Jumamosi asubuhi, kisha waamue kama aya itabaki au itafutwa.

Kosa langu lilikuwa kumwalika shangazi. Alihamia Barking, mashariki mwa London, kutoka Unguja miaka michache baada ya mapinduzi, akawa mhudumu wa wazee, na hakuwahi kukubali kwamba mgeni aweza kupokewa mahali pasipofukizwa. Alifika mapema, akanusa mara moja, akashuka chini na kikapu chake bila kuniambia neno.

Nilikuwa nimefika kwenye maelezo ya mazulia nilipoona wajumbe hawanitazami tena. Walitazama juu. Dohanini ulikuwa ukipanda moshi mwembamba, mweupe, wenye harufu ya harusi.

"Imewaka!" msimamizi alipiga kelele, sijui kwa hofu au kwa furaha, akaigonga kengele. Watu waliokuwa wakipita gatini walisimama, wakashangilia. Mjumbe mmoja alishika nguzo kwa mikono miwili, akingoja meli ing'oke.

Nilikimbilia chini. Shangazi alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri, chetezo amekiingiza mlangoni mwake, anaongeza ubani.

"Shikamoo, shangazi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Chombo chanuka kutu, mwanangu. Wageni wako utawapokeaje? Nilipoliona tundu hili na bomba lake nikasema, kumbe hawa nao wana akili, wametenga mahali pa chetezo!"

Nilipanda tena, jasho likinitiririka.

"Ni kweli tanuri limefufuka?" aliuliza mjumbe mkuu.

Msimamizi alinikonyeza niseme ndiyo. Gatini foleni ilikwisha kujipanga.

"Hapana," nikasema. "Ni shangazi yangu."

Hapo hapo akatokea ngazini, anakohoa, masizi kwenye paji la uso, chetezo mkononi. Wajumbe waligeuka kumtazama.

"Moshi wa dohani hii haukuwahi kupanda wenyewe," nikasema. "Kila mara palikuwa na mtu chini." Nikaisoma aya yangu yote kwa kichwa, yeye kasimama kando yangu kana kwamba tulipanga. Nakiri kwamba sikukanusha.

Walinong'onezana. Aya ikabaki, kwa sharti moja: makaa ya moto yasiingie tena melini.

Msimamizi aliliandika sharti hilo kwa mkono wake, akalibandika ukutani. Kisha akamsogelea shangazi, akamwuliza kwa sauti ya chini kama Jumamosi ijayo angekuwa na nafasi.